PlanRep na safari ya bajeti kwenda Dodoma

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hazina ilikuwa nayo tangu 1965, na jaribio la kuikabidhi hesabu za Serikali lilizivuruga hesabu zenyewe. Miaka hiyohiyo kazi ya kupanga ilikuwa ikihama: sera ya Madaraka Mikoani ya 1972 iliondoa halmashauri na kuweka watendaji wa Serikali Kuu, na 1973 chama tawala, TANU, kikaamua makao makuu yahamie Dodoma. Halmashauri za wilaya zilirudi 1984. Nasema historia hii yatufundisha kwamba kompyuta husaidia watu kupanga pamoja pale tu wanapokuwa na mamlaka ya kupanga.

PlanRep, mfumo wa kompyuta ambao halmashauri huandalia mipango na bajeti, ndiyo ushahidi. Matoleo yake ya mwanzo yalikaa kwenye kompyuta ya ofisi ya mipango. Mkuu wa idara aliandika shughuli zake pembeni, afisa mipango akaziingiza, kisha timu ikafunga safari na makabrasha kwenda mkoani na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, Dodoma. Ukomo wa bajeti ulipobadilishwa, zahanati iliondolewa, jumla zikakokotolewa upya, makabrasha yakachapwa tena. Toleo la mtandaoni, ambalo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilizindua Dodoma Septemba 2017, liliziweka idara, mkoa na wizara kwenye kumbukumbu moja, na shule na vituo vya afya vikapata nafasi ya kuingiza mipango yao.

Wapo wanaodai kwamba mfumo huu umeongeza tu nguvu ya Dodoma, kwa kuwa ukomo na vipaumbele vya taifa hushuka kutoka juu. Wana hoja nzito. Chini ya utaratibu wa upangaji shirikishi uitwao Fursa na Vikwazo, mkutano wa kijiji hupanga vipaumbele vyake, vikapita kwenye kata, vikafika halmashauri na kukatwa. Lakini vilikatwa pia enzi za karatasi, na aliyekata hakujulikana. Mfumo unaweza kutunza kilichoombwa na kilichobaki. Tatizo ni kwamba mwanakijiji hana nywila ya kuuingia. Basi madiwani wa Bahi, Chamwino na Kongwa, wilaya za mkoa wa Dodoma, wasipitishe bajeti kabla orodha ya kilichoombwa na ya kilichobaki hazijachapwa na kubandikwa kwenye ofisi ya kila kijiji.