Pointi 6 za Usafi: MYSA Tangu 1987

Mtoto wa Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, akitoka shuleni alasiri, mara nyingi hana pa kwenda. Nyumbani ni chumba kimoja, mama hajarudi kutoka kibaruani, na vichochoro vina walimu wao. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, aliwakuta watoto hao wakicheza mpira wa juala na kamba. Aliwaahidi ligi yenye mipira halisi na marefa, kwa sharti kwamba nao wasafishe mtaa wao. Ndivyo ilivyoanza Mathare Youth Sports Association, MYSA kwa kifupi.

Sharti lile ndilo uti wa mgongo wa MYSA hadi leo. Timu ikishinda mechi hupata pointi 3. Ikikamilisha zamu yake ya usafi hupata 6. Mabao peke yake hayatoshi, reki na sepetu lazima zishikwe. Mitaro ya Mathare iliyojaa taka ilifurika kila mvua iliponyesha, ikaacha maradhi milangoni. Waliokuja kuizibua ni watoto walewale ambao wakubwa wengi waliwaona mzigo.

Wasichana waliingia mwaka 1992. Njia yao ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa jioni kuna maji ya kuteka na mdogo wa kubeba, na wazazi walihitaji kushawishiwa nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1994 vijana waliokulia katika ligi hiyo wakaundiwa klabu ya Mathare United. Walitwaa Kombe la Moi Golden mwaka 1998, kisha ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Vikombe hivyo ni fahari, lakini naona fahari kubwa zaidi kwamba wachezaji hao walitakiwa pia kuwafundisha wadogo zao na kuhudumia mtaa.

Fedha za wafadhili, wengi wao wa Norway, zimesaidia sana. Zinapofika kwenye karo ndipo zinapofanya kazi niipendayo. Kijana anayefundisha timu ya watoto, anayechezesha mechi au anayeongoza usafi hujikusanyia pointi. Wenye nyingi hulipiwa masomo, na pesa hupelekwa moja kwa moja shuleni. Msomaji anayetaka kuchangia, ningemwomba aanzie hapo. Atakayesomeshwa ameshaitolea jasho karo hiyo mtaroni.