Wasimulizi Kutoka Mashariki ya Mbali

Njaa ya chakula hutulizwa na shamba la nyumbani, lakini njaa ya hadithi haina mpaka wa nchi. Zamani, katika vijiji vilivyozunguka Thika na Ruiru, njaa hiyo ilishibishwa jioni, kando ya moto wa jikoni. Msimulizi alikuwa nyanya, na wasikilizaji walikuwa wajukuu waliongoja viazi viive. Leo moto huo umezimika katika nyumba nyingi, na mahali pake pamewekwa televisheni. Si ajabu kwamba msimulizi amebadilika. Ajabu ni kwamba wasimulizi wanaopendwa sana na wengi wetu wametoka Korea, Uchina na Japani, nchi ambazo babu zetu hawakuzijua hata kwa jina. Yafaa kuuliza wamefikaje, kwa nini wakakaribishwa, na ugeni wao unatudai nini.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Mtambo wake wa kwanza ulikuwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yake yalifika umbali wa maili 15 hivi. Wenye vyombo vya kuipokea walikuwa wachache, na picha nyingi zilizoonyeshwa zilitoka Uingereza na Marekani. Mtu wa Mashariki ya Mbali alitujia kwanza kwa njia ya sinema, naye alikuja akipigana. Baada ya mwaka 1973, ambao Bruce Lee alifariki, vijana wa miji yetu walijifunza kurusha mateke kabla hawajajua Hong Kong iko upande gani wa dunia. Kisha vikaja vibanda vya video, na ndani yake ikazaliwa sanaa mpya. Mjini Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizifasiri sinema za kigeni kwa Kiswahili huku zikionyeshwa. Hapa Kenya, DJ Afro alipata sifa kwa kazi ya namna hiyo. Watu hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Waliongeza mzaha, wakawapa wageni majina ya mitaani, na sinema ikawa kana kwamba imetengenezwa jirani.

Wakati huo, katika nchi za Mashariki yenyewe, hadithi za namna nyingine zilikuwa zikiandaliwa. Mwaka 1983 Japani ilianza kuonyesha Oshin, tamthilia ya sehemu 297 iliyoandikwa na Sugako Hashida. Inaeleza maisha ya mtoto wa maskini aliyepelekwa kufanya kazi katika nyumba ya watu akiwa bado mdogo sana, nayo imeonyeshwa katika nchi zaidi ya 60. Mwaka 2003 Korea ikatoa hadithi ya Jang-geum, msichana wa jikoni katika jumba la mfalme aliyepanda hata akawa tabibu wa mfalme mwenyewe. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ikaonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, juu ya mke kijana aitwaye Doudou na mama wakwe zake. Ilipendwa kiasi cha kwamba Rais Xi Jinping wa Uchina aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013. Msomaji azingatie jambo hili. Mkuu wa taifa kubwa, akizungumzia urafiki wa mataifa, aliona inafaa kutaja mke na mama mkwe. Hadithi ni balozi asiyehitaji pasi ya kusafiria.

Sisi wa Thika na Ruiru tulikuwa na sababu nyingine ya kutowaona wageni hawa kuwa wageni kabisa. Kati ya miji yetu miwili iko Juja, ambako mwaka 1981 kilifunguliwa chuo cha kilimo na ufundi kwa msaada wa serikali ya Japani. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Tena, tangu mwaka 2009 mpaka mwaka 2012, makampuni matatu ya Kichina yaliijenga upya barabara ya kutoka Nairobi mpaka Thika, mwendo wa kilomita 50 hivi, na Rais Mwai Kibaki akaifungua mwezi wa Novemba mwaka 2012. Mchana tuliwaona Wachina wakipima udongo kando ya barabara. Usiku tuliona watu wenye sura kama zao wakilia, wakicheka na wakigombana na wakwe katika vyumba vyetu. Barabara ilituonyesha kazi zao, na tamthilia ikatuonyesha nyumba zao.

Baadaye milango ilizidi kufunguka. Mwaka 2015 Kenya iliacha mitambo ya zamani ya televisheni, ving'amuzi vikaingia nyumbani, navyo vikaleta idhaa nyingi kwa bei ndogo. Mwaka 2016 Netflix ilifika nchini kwa njia ya intaneti. Ilipotokea Squid Game mwezi wa Septemba mwaka 2021, hadithi ya Kikorea ya wadaiwa wanaocheza michezo ya watoto kwa kuhatarisha roho zao, wanafunzi wangu waliizungumza kana kwamba imetokea mtaa wa pili.

Nakiri kwamba mwanzoni sikufurahi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu si siku nyingi, na kichwa changu kilijaa mawazo juu ya kuulinda utamaduni wetu. Niliwaona wanafunzi wakisinzia darasani kwa sababu ya kukesha. Niliwasikia wakisalimiana kwa Kikorea, hali salamu za Kikuyu za wazee wao zimewapotea. Nyumbani Ruiru hali ilikuwa hiyo hiyo. Nyanya yangu, ambaye hakujua Kikorea wala Kiingereza, alikuwa akitazama hadithi ya Jang-geum katika diski zilizonunuliwa sokoni, na mimi ndimi niliyeombwa kumsomea maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha. Jioni moja nilichoka, nikamwambia, "Nyanya, watu hawa wanatuhusu nini? Hata majina yao hatuwezi kuyatamka."

Alikaa kimya mpaka sehemu ile ikaisha. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mtoto yule amefiwa na mama yake. Yuko jikoni mwa watu wengine, na msimamizi wake anamwonea. Mimi nilichuma kahawa hapa Ruiru kabla mama yako hajazaliwa, na msimamizi wangu alikuwa na macho kama ya yule mwanamke. Wewe huniulizi habari hizo. Yeye amenisimulia."

Maneno hayo yalinichoma, kwa maana yalikuwa kweli. Nilifundisha historia kwa miaka mitatu, na sikuwa nimemwuliza nyanya yangu hata siku moja juu ya mashamba ya kahawa. Tangu jioni ile nilielewa sababu ya furaha yake. Tamthilia hizi humwonyesha mtoto akiinama mbele ya mzazi, jamaa wakila pamoja chini, mama mkwe na mke wa mwana wakipigania moyo wa mtu mmoja, na maskini akidharauliwa kabla ya kuinuliwa. Haya yote tunayajua. Mavazi ni mageni, lakini machozi si mageni.

Basi ubaya hauko katika kutazama. Kukesha ni kosa, na kuiga bila kufikiri ni kosa, lakini mtu hawi mtumwa kwa kusikiliza hadithi ya jirani. Kosa kubwa ni kusikiliza siku zote bila kusimulia. Katika kumbukumbu za Korea za zama za Mfalme Jungjong, aliyetawala kati ya mwaka 1506 na 1544, tabibu Jang-geum ametajwa mara chache tu, kwa maneno machache. Waandishi wa Korea walichukua maneno hayo machache, wakayapa damu na pumzi, wakatengeneza sehemu 54 zilizomliza mwanamke mzee wa Ruiru.

Sisi nasi tunayo maneno machache. Tarehe 16 Machi 1922, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe. Wanaume waliposita, mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru, mwenyeji wa Murang'a, alijitokeza akawaaibisha na kuwataka wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele, polisi wakapiga risasi, naye akafa pamoja na wengine wasiopungua 20. Katika vitabu vingi vya shule habari zake hazizidi aya moja. Alikula nini asubuhi ile? Aliagana na nani? Ni nani aliyemngojea jioni? Maswali hayo si kazi ya mwanahistoria peke yake. Ni kazi pia ya msimulizi.

Nyanya yangu amefariki. Kabla ya kufariki nilijaza daftari mbili kwa habari zake za mashamba, naye alinicheka kwa kuandika polepole. Ewe msomaji kijana, tazama hadithi za Mashariki ya Mbali na uzifurahie, maana mgeni mwema haongezi umaskini wa nyumba. Lakini picha zikizimwa, mgeukie mzee aliyekaa karibu nawe, umwulize yeye alipitia nini. Huenda na yeye amekuwa akingoja kuulizwa.