Ufundi wa Kusaka Hitilafu Ufipa

Kompyuta ya gari ikitoa namba P0171, inasema hewa imezidi au mafuta yamepungua kwenye injini. Haisemi kama ni mpira wa hewa uliopasuka, sensa iliyochafuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Namba hizi zilikuwa lazima kwa magari mapya ya Marekani kuanzia mwaka 1996, na ni rahisi kudhani kwamba kusaka hitilafu kwa mpangilio kulifika Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, pamoja nazo. Historia ya uyeyushaji wa chuma huko inakataa.

Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha takriban mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka, hivyo kilisafishwa katika kintengwe, tanuri dogo la mivukuto, ndipo mhunzi akakifua. Hatua hiyo ya pili ni ushahidi kwamba mafundi waliijua kasoro ya hatua ya kwanza na namna ya kuirekebisha. Utasema kazi ile ilijaa dawa na miiko. Kweli, lakini miiko peke yake haiyeyushi jiwe: hewa na makaa visipolingana, chuma hakipatikani. Wala kazi hiyo haikufa kwa upungufu wa maarifa. Katika karne ya 20 ilishindwa na chuma cha bei nafuu kutoka nje. Somo lake bado lipo: kasoro hurekebishwa kwenye chanzo chake. Kwa hiyo fundi wa magari wa Sumbawanga, mji wa Ufipa, anayefuta namba bila kupima hewa na mafuta hajatengeneza kitu; taa ya injini itawaka tena.