Hamsta wa Aleppo, panya buku wa Morogoro, na mnyama mdogo uliyemleta nyumbani jana



Swali linalonifikia sana siku hizi halihusu kuku wala ng'ombe wa maziwa. Linatoka kwa wazazi wa mjini Arusha, huko Njiro na Sakina, waliowanunulia watoto hamsta, na kwa vijana wa Akheri na Poli walioanza kufuga sungura. Swali lenyewe ni moja: nimemleta nyumbani, anajificha, hali, na nikimshika ananing'ata, nifanyeje? Wengine huuliza mnyama akiwa ameshakufa, na wanamlaumu muuzaji kuwa aliwauzia mgonjwa. Inawezekana. Lakini mnyama mdogo akiogopa akaacha kula hana akiba kubwa mwilini, na siku mbili tatu zinatosha kummaliza. Hapo umepoteza hela, na mtoto amelia.

Leo naomba tupitie historia kidogo, kwa sababu swali hili lilishawasumbua watu wengine kabla yetu, na mmoja wa majibu bora duniani yalipatikana hapa hapa Tanzania.

Kwa ambaye hajamwona, hamsta ni mnyama wa jamii ya panya, ana mkia mfupi sana na mifuko ndani ya mashavu ya kubebea chakula. Karibu hamsta wote wa rangi ya dhahabu wanaofugwa majumbani wametoka kwenye shimo moja. Mwaka 1930 Israel Aharoni, mtaalamu wa wanyama, alikwenda Aleppo nchini Syria kumtafuta, maana mwenzake Saul Adler wa Chuo Kikuu cha Jerusalem alihitaji mnyama wa kufanyia utafiti wa ugonjwa unaoenezwa na usubi. Vibarua walichimba shamba la ngano mpaka kina cha zaidi ya mita mbili, wakakuta mama na watoto 11.

Wakawatia kwenye boksi wote pamoja. Mtoto wa kwanza kumsogelea mama yake, mama akamuua.

Mfugaji wa sungura anayesoma hapa ameshalijua jambo hilo. Jike aliyetoka kuzaa, ukimfunulia kiota, ukamletea majirani waje kutazama, au mbwa akazunguka banda usiku, anaweza kuua watoto au kuwaacha wafe kwa baridi. Watu husema jike huyo ana roho mbaya. Mimi naona ni mama aliyeona hatari, akafanya kile ambacho mwili wake ulimwamuru.

Aharoni alilazimika kuwalea wale watoto kwa mkono. Walipofika chuoni wakawekwa kwenye kizimba chenye sakafu ya mbao, na asubuhi kadhaa walikuwa wameshatafuna sakafu wakatoroka. (Fundi akikutengenezea kizimba cha hamsta cha mbao tupu, mkumbushe habari hii.) Waliobaki walikuwa wachache sana, lakini walilelewa na binadamu tangu wadogo, wakazaliana upesi. Uzao wao ukafika Uingereza mwaka 1931, kisha Marekani mwaka 1938, na baadaye ukaingia kwenye nyumba za watu.

Nyumba mojawapo ilikuwa Ubelgiji, ambako mtoto aitwaye Bart Weetjens alifuga hamsta na panya wa aina nyingine. Alipokuwa mtu mzima, miaka ya 1990, alianza kufikiria tatizo la mabomu yaliyotegwa ardhini Afrika, akakumbuka jinsi wanyama wale walivyokuwa na pua kali na walivyofundishika. Shirika la APOPO lilianza mwaka 1997. Mnyama aliyechaguliwa ni panya buku, ambaye huishi miaka mingi kuliko panya wa kawaida, na naye ana mifuko ya mashavu kama hamsta. Mwaka 2000 kazi ikahamia Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Sisi wakulima tulishazoea kusikia jina la Sokoine kwenye mambo ya kuangamiza panya wanaokula mahindi yetu. Ni chuo hicho hicho kilichowapa panya hawa makazi.

Walichofanya Morogoro ndicho ninachotaka ukishike. Hawakungoja panya akue ndipo wamshike. Panya buku mkubwa ana uzito wa kilo moja au zaidi, na meno yake si ya mchezo. Watoto huchukuliwa wakiwa na wiki nne au tano, macho yakiwa yameshafunguka. Wafunzaji huwabeba mikononi, huwatembeza nje, huwasikilizisha sauti za watu na magari, huwakanyagisha nyasi na sakafu. Kipindi hicho hawatafuti bomu lolote. Wanazoea tu kwamba mkono wa mtu hauleti madhara. Baadaye ndipo huja kijidude kinacholia "tik": panya akisikia mlio huo anajua kinakuja kipande cha ndizi au karanga. Mafunzo yote huchukua kama miezi tisa. Hakuna fimbo popote.

Matokeo yake yanajulikana. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, pamoja na mashine na watu wenye vipima chuma, na mwaka 2015 nchi hiyo ikatangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini. Wengine hunusa makohozi ya watu wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika kama 20. Panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Kama angeng'ata kila mkono, yote hayo yasingekuwapo.

Sasa turudi kwenye kizimba chako. Siku ya kwanza mwekee maji, chakula, maranda ya kutosha kujichimbia, na mahali pa kujificha. Chungu kidogo kilicholazwa kinafaa sana, na Morogoro nao hutumia vyungu. Kisha mwache. Watoto watalalamika, wavumilie. Kwa siku mbili tatu pita karibu, ongea kwa sauti ya chini, mpe chakula, basi. Chakula kiwe kile alichokuwa anakula kwa muuzaji, ukibadilishe polepole. Hamsta hulala mchana, kwa hiyo usimwamshe saa nane mchana ili wageni wamwone. Kung'atwa hapo ni haki yako. Jioni ndiyo saa yake.

Akianza kula ukiwa karibu, ingiza mkono ulionawa, uutulize ukiwa na mbegu ya alizeti kiganjani. Usimfuate. Mwache aje mwenyewe, hata kama ni siku ya tano. Akishapanda mkononi bila wasiwasi, mkusanye kwa viganja viwili kutoka chini, ukiwa umekaa sakafuni, maana akianguka kutoka kimo chako anaumia. Kumshika kwa kumkwapua kutoka juu anakuona kama mwewe. Na kila hamsta awe na kizimba chake. Wawili wakubwa pamoja watapigana.

Sungura ni hivyo hivyo, ila usimnyanyue kwa masikio, na shikilia miguu ya nyuma wakati wote. Akirusha teke hewani anaweza kujivunja mgongo. Watoto waanze kuguswa kwa upole wanapotoka wenyewe kiotani. Wakati huu wa Juni na Julai, walio juu kwenye miteremko ya Meru wazibe upande wa upepo usiku, kwa sababu mnyama anayetetemeka hazoei kitu.

Jambo moja nisisitize: usiende kukamata panya buku wa porini ukidhani utamfanya kama Magawa. Wale wa Morogoro wamezaliwa kwenye uangalizi. Panya wa porini na viroboto wao hubeba magonjwa, na watu wa Lushoto waliozikana kwa tauni miaka ya 1980 na 1990 hawahitaji kuelezwa.

Kwa wewe unayeuza sungura sokoni Tengeru au Ngaramtoni: beba wanyama kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, usiwaweke juani mezani kila mpita njia awabonyeze. Mnunuzi akilipa, mwambie umri wa mnyama, mpe chakula cha siku mbili, na gao la maranda ya banda alilotoka ili akute harufu anayoijua. Maranda hayo hayakugharimu chochote.