Huduma Inayozimwa kwa Makusudi

Mwezi Mei 1965, katika mji mdogo wa Succasunna, jimbo la New Jersey nchini Marekani, kampuni ya simu ya Bell iliwasha 1ESS, mtambo wa kuunganisha simu ulioendeshwa kwa programu. Wahandisi wake walikuwa wamejiwekea sharti: katika miaka 40, mtambo usizimike kwa zaidi ya saa 2. Ni sharti kali mno. Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni kwamba saa hizo 2 ziliandikwa waziwazi. Wangeweza kusema mtambo usizimike kamwe, na pasingekuwa na cha kupima.

Mwaka 2003 Ben Treynor Sloss alikabidhiwa kikosi cha wahandisi 7 huko Google, waitunze mitambo inayohudumia umma. Alikuta mvutano wa siku nyingi katika kazi hiyo. Waandika programu walitaka kutoa toleo jipya kila kukicha. Waliokesha na mitambo walijua kuwa hitilafu nyingi huletwa na mabadiliko. Kila upande ulikuwa na haki yake.

Mwafaka uliopatikana ulikuwa wa hesabu, kama zile saa 2 za 1ESS. Kwanza huchaguliwa kipimo kinachomgusa mtumiaji mwenyewe: kati ya maombi yote yaliyotumwa, mangapi yamejibiwa sawasawa na kwa wakati? Kisha huwekwa lengo, tuseme asilimia 99.9. Ile asilimia 0.1 inayobaki ni bajeti ya hitilafu. Kwa huduma inayozimika kabisa, ni kama dakika 43 katika siku 30. Maadamu bajeti ipo, matoleo mapya yanaruhusiwa. Ikiisha, matoleo husimama na nguvu zote huelekezwa kwenye uimara. Hakuna tena haja ya kushindana nani ana sauti kubwa kikaoni.

Lakini lengo lina upande wa pili, nao ulijitokeza kwenye Chubby, huduma ya ndani ya Google aliyoieleza Mike Burrows mwaka 2006. Kazi yake ni kutunza kufuli: programu iliyosambaa kwenye maelfu ya kompyuta huiuliza ni ipi kati yao inayoshika kufuli, yaani iliyo kiongozi. Kwa kawaida kila kituo cha Chubby kina kompyuta 5 zenye nakala zilezile, na zenyewe hupiga kura kumchagua mkuu wao. Burrows aliorodhesha hitilafu 61 zilizotokea kwenye vituo kadhaa katika muda wa wiki chache. Kati ya hizo, 52 hazikuzidi sekunde 30, na programu nyingi hazikuathirika.

Uimara huo ukazaa mazoea. Watu waliandika programu zao kana kwamba Chubby ipo daima. Burrows anasimulia mfumo mmoja wa mamia ya kompyuta ambao, kila Chubby ilipochagua mkuu mpya, ulianza kujirekebisha kwa makumi ya dakika. Tukio dogo, la kawaida kabisa, lilitosha kuuyumbisha mfumo mzima, na aliyeuandika hakuwahi kulifikiria.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye Chubby ya dunia nzima, ambayo nakala zake ziko katika maeneo yaliyotengana kijiografia. Hiyo ilizimika kwa nadra sana, na siku ilipozimika, huduma zilizoitegemea zilianguka nayo mbele ya watumiaji.

Uamuzi uliofuata umesimuliwa na Marc Alvidrez katika kitabu cha wahandisi wa Google cha mwaka 2016, nami nauona kuwa wa kijasiri kuliko yote. Chubby ilitakiwa kufikia lengo lake, na isilipite kwa mbali. Kama katika robo ya mwaka hitilafu za kweli hazikuishusha chini ya lengo, wahandisi waliizima wenyewe, kwa muda uliodhibitiwa. Aliyeitegemea bila kujiandaa alijulikana papo hapo, muda mfupi baada ya kuandika programu yake, akalazimika kuitengeneza upya huku kosa bado likiwa changa.