Meli Iliyopanda Mlima

Mwezi wa nne nilienda Kisumu kwa harusi ya rafiki, na kesho yake, kabla ya matatu ya kurudi nyumbani, nikashuka ufuo wa Dunga nikalipa mia tano kupanda boti kwa saa moja. Mtu wa Salgaa haoni maji mengi. Sisi tuna lami, trela na vumbi. Kwa hivyo nilikuwa nimejipanga kufurahia.

Na nilifurahia, kiasi. Boti ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya samawati, viti virefu kama vya kanisa, juu turubai. Spika moja kubwa ilipiga ohangla kwa nguvu hivi kwamba viboko walijua tunakuja mapema. Hatukuona hata mmoja. Jaketi langu la kuokolea lilikuwa na kamba mbili badala ya tatu. Nyuma kabisa kulikuwa na kijana mwenye mtungi wa mafuta uliokatwa nusu, akiteka maji yaliyoingia na kuyarudisha ziwani, pole pole, bila wasiwasi, kama mtu anayefagia uwanja. Jua lilipoanza kuzama sote tukatoa simu.

Tuliporudi, mwenye boti akaniomba nimpe nyota tano mtandaoni. Nikampa tatu. Nikaandika: mandhari safi, muziki juu mno, jaketi zikaguliwe. Halafu nikapanda matatu, na kufika Kericho nilikuwa nimeanza kujiuliza watu walisema nini kuhusu safari za ziwa hili kabla ya nyota kuwepo. Swali dogo tu la kupitisha muda. Lilinikalia wiki tatu.

Kwanza kuna neno lenyewe. Ukisema "stima" Nakuru leo, mtu anaangalia balbu. Stima imepotea, stima imerudi, bili ya stima. Lakini stima ni meli ya mvuke, na wazee wa Nyanza wakisema fulani alikuja kwa stima hawamaanishi alikuja aking'aa.

Stima ya kwanza ya maana upande huu wa ziwa iliitwa William Mackinnon. Iliundwa Paisley, Scotland, mwaka 1890, ikaunganishwa pale kwa bolti, kila kipande kikapewa namba, kisha ikafunguliwa yote. Yaani meli nzima iligeuzwa mzigo. Vipande vikasafirishwa hadi Mombasa, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu reli haikuwa imefika popote. Kuingia bara kulikuwa na mikokoteni ya ng'ombe na mabega ya watu. Njia ya mikokoteni ya wakati huo ndiyo Barabara ya Sclater, iliyokatwa miaka ya 1895 na 1896 kutoka Kibwezi kuelekea mpaka wa Uganda, na ilipita Naivasha, Nakuru, ikapanda Eldama Ravine. Ukisimama Salgaa leo ukatazama kaskazini, Ravine ni kule mlimani. Meli ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900, miaka kumi baada ya kuundwa mara ya kwanza.

Niliposoma hiyo habari nilicheka peke yangu. Maisha yangu yote nimeona vitu vikipita Salgaa kwenda kwingine. Makontena ya Kampala, mafuta ya Kigali, matingatinga ya Congo, mitumba, ngano. Utingo anashuka, anakagua magurudumu, anakula chapo madondo, wanaondoka. Nilidhani huu ni mtindo wa siku za lami. Kumbe hata meli imepita bonde hili, vipande vipande, ikibebwa na wapagazi ambao wengi wao hawakuwahi kuiona ikielea.

Zilizofuata zilipanda treni. Reli ilifika Kisumu, ikiitwa Port Florence wakati huo, mwisho wa 1901, na baada ya hapo Winifred, Sybil, Clement Hill na nyingine zikaja kwa mabehewa, bado zikiwa vipande. Ebu fikiria ramani. Reli hiyo ilitoka Nakuru, ikapanda upande wa pili wa mlima wetu kupitia Njoro na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ndipo ikateremka hadi ziwani, kwenye mita 1,134. Kila meli ya Kisumu ilipanda mlima kabla ya kugusa maji. Dereva yeyote wa trela anayejua mpando wa Sachang'wan ataheshimu hilo.

Kwa miaka thelathini hivi, ukitoka Nairobi kwenda Uganda hukuwa na njia nyingine ya starehe. Treni hadi Kisumu, kisha stima, kisha Entebbe au Port Bell. Ilikuwa safari fupi, ya usiku na mchana hivi, na wasafiri wakubwa waliipenda. Winston Churchill aliivuka mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari yake, My African Journey. Mwisho wa 1909 akapita Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, akiwa njiani kutoka kuwinda Kenya kwenda kuwinda zaidi, naye akaandika chake. Hao ndio watu wa nyota wa enzi hiyo. Walikaa juu, kwenye kivuli, upepo wa ziwa ukiwapiga usoni, wakapelekewa chai.

Siwalaumu kwa kukaa kivulini. Mimi pia nilitafuta kiti cha kivulini pale Dunga. Ila soma maandishi mengi ya enzi ile kuhusu stima na utaona kitu: meli inaishia pale macho ya mwandishi yanapoishia. Kuna visiwa, kuna machweo, kuna wingu la wadudu wa ziwani linaloinuka kama moshi, kuna nahodha mcheshi. Lakini tanuri lilikuwa linakula kuni, na kuna mtu aliyekuwa akizitia. Kwenye sitaha ya chini kulikuwa na daraja la tatu, watu na mikeka yao, kuku wao, watoto wao. Mpangilio ulikuwa ule ule wa treni. Nauli na desturi zilitosha kuulinda: Wazungu la kwanza, Wahindi wengi la pili, Waafrika la tatu. Meli moja, usiku mmoja, safari tatu tofauti, na iliyoandikwa ni moja.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hata kivuli kiliisha. Stima zilifungwa mizinga, na mwezi wa sita 1915 zikapakia wanajeshi Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba, iliyokuwa ya Wajerumani.

Aliyemaliza enzi ya stima za Uganda, kusema kweli, ni sisi. Yaani upande wetu. Miaka ya 1920 reli mpya ilichepuka kutoka Nakuru, ikapita Rongai, kilomita chache tu kutoka Salgaa, ikapanda Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924, na mwaka 1931 ikaingia Kampala. Kuanzia hapo mtu wa Nairobi angeweza kulala kwenye treni na kuamka Uganda bila kuona ziwa. Kisumu haikufa, lakini haikuwa tena mlango pekee. Nimecheza kwenye hiyo reli nikiwa mdogo, tukiweka vifuniko vya soda juu ya chuma vibanjwe. Hakuna aliyetuambia kwamba imewahi kuinyang'anya meli abiria.

Hapa ndipo Guka anaingia. Guka, babangu mama, alizaliwa Rongai, babake akiwa kibarua wa shamba, na akiwa na miaka ishirini hivi, mwaka 1964, akapata kazi kwenye meli za ziwa, chini ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo. Nyumbani hii ilikuwa hadithi ya utani: Guka baharia, Guka asiyejua kuogelea. Sikuwahi kumuuliza kitu cha maana mpaka mwaka huu.

Siku hizo malkia wa ziwa alikuwa Victoria. Ilijengwa na kampuni ya Yarrow, Glasgow, mwaka 1959, ikaja Kisumu kwa mtindo ule ule wa namba na vipande, ikashushwa majini 1960, ikaanza kazi 1961. Ilikuwa inabeba barua, kwa hivyo mbele ya jina lake ziliwekwa herufi RMS, na ilizunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, kurudi Kisumu. Kama kuna kitu kilichowahi kuitwa matembezi ya meli katika ziwa hili, ni huo mzunguko. Walimu, makarani, wafanyabiashara wa Kihindi na familia zao, watalii wachache. Nchi tatu mpya, meli moja, shirika moja. Ukiwa na kitanda daraja la kwanza uliweza kuiona Afrika Mashariki yote ya ziwani bila kubadilisha shuka.

"Ilikuwaje, Guka?"

Alifikiria. "Ilikuwa nzuri. Chini kulikuwa na joto."

Nilingoja zaidi. Hakukuwa na zaidi, kwa muda. Kisha akaanza kuhesabu sahani. Sahani za supu, sahani za samaki, vibakuli vya pudini. Alijua meli inakaribia bandari kwa sababu vikombe vya chai vilishuka vyote kwa pamoja. Alijua ziwa limechafuka kwa jinsi maji ya sinki yalivyoegemea upande mmoja. Mwanza aliijua kwa harufu ya dagaa. Port Bell aliiona vizuri mara moja, aliporuhusiwa kupanda juu kubeba meza iliyovunjika. "Kuna vilima," akasema, kana kwamba ananipa siri.

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu ziwa sasa, na sijapata maelezo ya dhoruba yaliyo sahihi kama lile sinki.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mali ikagawanywa kama ya ndoa. Victoria ikabaki Tanzania, ikafanya kazi kati ya Mwanza na Bukoba. Uhuru, meli ya kubeba mabehewa ya treni iliyoshushwa majini Kisumu miaka ya sitini, ikabaki Kenya. Guka akarudi Rongai, akapanda mahindi, baadaye akajenga Salgaa, karibu na barabara. Anasema anapenda kusikia injini usiku.

Hiyo njia ya Mwanza na Bukoba ndiyo iliyonifanya niifute ile nyota yangu ya tatu, au angalau nione haya kidogo. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza baada ya safari ya usiku. Ilikuwa na kibali cha kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na nchi kavu ilikuwa pale, unaiona. Hizi hazikuwa safari za starehe. Zilikuwa safari fupi za watu wanaotoka sokoni, wanaorudi shule, wanaoenda kuzika. Mimi nilipoandika "jaketi zikaguliwe" niliiweka ya tatu, baada ya mandhari na muziki, kama mtu anayelalamika kuhusu chumvi. Na kwa yule mwenye boti, nyota tatu huenda ni wateja wa wikendi nzima. Bado naona jaketi zikaguliwe. Lakini ningeanza na hilo, na ningemwambia usoni, sio kwa simu nikiwa Kericho.

Victoria yenyewe bado ipo. Ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini Agosti 2020 ikiwa na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu, na nafasi ya abiria 1,200. Nilimwonyesha Guka picha kwenye simu. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu, akitafuta kitu chini, karibu na maji, ambapo hapakuwa na madirisha makubwa.

Kisha nikamwonyesha video yangu ya Dunga. Dakika nne: machweo, turubai, miguu yangu, machweo tena, bibi arusi wa jana akipunga mkono na miwani mikubwa. Akaitazama yote bila kusema, sauti ya ohangla ikijaza chumba. Nje trela ilikuwa inashusha gia.

"Na injini ilikuwa wapi?"

"Nyuma, Guka."

"Nani alikuwa huko?"

Nikamwambia kuna kijana alikuwa akiteka maji kwa mtungi.

"Mwonyeshe," akasema.

Nikarudisha video mwanzo. Tukaitazama tena mpaka mwisho. Hakuwemo.