Alama za kiwanda kwenye magazini za bunduki: namna ya kuzisoma ukizikuta katika vyuma chakavu

KIGALI – Mtu anayenunua vyuma chakavu kwa kilo, awe Gatsata, Rubavu au ng'ambo kule Goma, hukutana na kila kitu: rimu, mabati, springi za lori, fremu za baiskeli. Mara mojamoja katikati ya mzigo hutokea kipande kilichopinda kama ndizi, chenye mifereji ubavuni na springi ndani. Hiyo ni magazini ya bunduki, kasha linaloshika risasi. Kwenye mizani ni kama theluthi moja ya kilo ya chuma. Kwa afisa wa forodha ni jambo jingine kabisa, na lori zima linaweza kulala mpakani kwa sababu yake.

Ukanda huu una sababu ya kuwa na vitu hivyo. Kabla ya 1994 serikali ya Rwanda ilinunua silaha nje kwa wingi. Mwezi Machi 1992 ilifunga mkataba na Misri wa dola milioni 6, uliohusisha bunduki 450 za aina ya Kalashnikov, na Oktoba mwaka huo huo ukafuata mkataba wa dola milioni 5.9 na Afrika Kusini, ukiwa na bunduki za R4. Julai 1994 jeshi lililoshindwa lilivuka kuingia Zaire na silaha zake, na vita vilivyofuata mashariki mwa Kongo vikaongeza nyingine. Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, zaidi ya wanajeshi 100 wa Kongo walivuka hadi Rubavu na kusalimisha silaha zao.

Anza na umbo. Magazini ya Kalashnikov, bunduki ambayo magazeti ya Tanzania huiita SMG, kwa kawaida huchukua risasi 30 na imepinda wazi. Ya R4, bunduki iliyotokana na Galil ya Israeli, huchukua risasi 35 ndogo zaidi, za milimita 5.56. Ya FAL ya Ubelgiji, iliyotengenezwa na FN mjini Herstal, imenyooka na huchukua 20. Hapo tu umeshatenganisha familia tatu bila kusoma herufi hata moja.

Alama zenyewe hugongwa mgongoni, ubavuni karibu na mdomo, au kwenye bati la chini. Nyota ni ya kiwanda cha Tula, Urusi. Mshale ndani ya pembetatu ni wa Izhevsk, pia Urusi, ila hapa wengi hukosea, kwa sababu kiwanda cha Cugir cha Romania nacho kilitumia pembetatu yenye mshale. Namba 10 ndani ya duara mbili ni Bulgaria, kiwanda cha Kazanlak. Namba 11 ndani ya duara la yai ni Radom, Poland. Namba 66 ndani ya pembetatu ni kiwanda cha China, na huonekana zaidi kwenye bunduki ya Type 56 yenyewe. Magazini nyingi za China hazina alama yoyote inayosomeka. Za Yugoslavia hutambulika kwa kazi yake: risasi ya mwisho ikiisha, kilisho cha ndani huzuia bolti isirudi mbele.

Pamoja na hayo, alama ya magazini si ushahidi wa asili ya bunduki. Askari huokota na kubadilishana magazini, na ya Bulgaria huingia bila shida kwenye bunduki ya China. Namba fupi unayoiona hapo mara nyingi ni ya kiwanda au fungu la uzalishaji, wala si namba ya usajili. Hati ya kimataifa ya kufuatilia silaha, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2005, inataka alama ya kipekee iwekwe kwenye sehemu kuu ya bunduki, yaani mwili wake. Magazini haikuwekewa sharti hilo. Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayosimamiwa na RECSA yenye makao Nairobi, nayo inashughulikia uwekaji alama kwenye silaha.

Ndiyo maana wachunguzi hawaishii kwenye chuma, hufuata na karatasi. Mfano mzuri ni wa meli Malo. Shelisheli iliikamata mwaka 1993 ikiwa na silaha zilizokuwa zikielekea Somalia. Juni 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea na vikwazo vya azimio 918 vikiwa vimeshaanza, silaha hizo ziliuzwa kwa hati iliyodai mnunuzi ni Zaire. Takriban tani 80 zilisafirishwa kwa ndege hadi Goma kwa safari mbili, na aliyefuatana na mzigo alikuwa Kanali Théoneste Bagosora. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa Septemba 1995 ndiyo iliyofumua mnyororo huo, kuanzia hati ya mnunuzi hadi malipo ya benki. Alama ya kiwanda peke yake ingeishia kusema silaha ilitengenezwa wapi. Nani aliipeleka Goma, isingesema.

Kwa mfanyabiashara mwenye mzigo, hayo yote yanashuka hadi mambo machache. Usiitikise magazini wala kujaribu kuifungua, maana inaweza kuwa na risasi zilizoliwa na kutu. Usiisugue kwa msasa ili uone alama. Kutu ikitoka, alama nayo hutoka. Iache ilipo, piga picha ya umbo na alama, andika mzigo umenunuliwa wapi na lini, kisha ita polisi. Kwa Rwanda namba ni 112. Fanya hivyo kabla ya lori kufika kwenye mizani ya mpaka, maana aliyetoa taarifa mwenyewe na aliyekutwa nayo chini ya mabati hawaulizwi maswali yaleyale.

Na kama mzigo unakwenda kuyeyushwa kiwandani, uchambuzi ufanyike kwenye yadi, kwa mikono na macho, kabla ya kubanwa. Risasi moja iliyosahaulika ndani ya magazini hulipuka kwenye tanuri.